Kavira, Juu ya Ile Fagio Nilikunyanganya

Kwako Kavira, mutoto wangu,

Nakuandikia salamu na wewe bado uko hapa Butembo, kwa koko wako, mama ya baba yako, nyuma ya hii kilima tu. Usinicheke. Hii barua utaifungua Oicha, kwa kazi yako ya kufundisha, na mutu akifungua barua kule mbali anataka kwanza kusikia batu ya nyumbani bakimusalimia. Donc baache bakusalimie.

Baba yako anakusalimia. Yuko mu baraza, anagonga ile kiti ya mugulu mubovu. Tangu muchana anaigonga, na kiti yenyewe ilishapona zamani. Nikamuuliza, "Baba Kavira, niandike nini kwa mutoto?" Akasema, "Muambie niko muzuri." Kisha akarudi kugonga. Wewe unamujua. Akigonga vile, haiko muzuri.

Kasereka mudogo wako anakusalimia. Anasema sasa kitanda chako ni chake, mimi nimekataa, na utaona chini juu ya nini nimekataa. Kahambu anakusalimia, amevaa tayari ile kandambili yako ya bleu, anasema ulimuachia. Kama hukumuachia andika, nitamuvua. Mama Zaina anakusalimia kutoka ngambo ya lupango, kwa kiwanja yake, anasema amekukaangia mandazi ya njia, na wewe usiyamalize mbele hata ya kutoka hapa kwetu Mususa. Bwana yake Hajji anakusalimia pia, mais huyo utakuwa naye kesho mu kamio yake ya kubeba kahawa, atakusalimia mwenyewe mpaka uchoke. Hata ile kuku yako ya madoadoa inakusalimia, imepanda kwa dirisha, inakutafuta.

Mambo ya chakula, ya nguo, ya kuteremuka Beni kwa mama mudogo na kulala kwake, ya kuuliza kwanza habari ya njia ya Mbau, kama hakuna bunduki, mbele ya kupanda motokari ya Oicha, sitaandika. Tulishayasema mpaka ukaziba masikio. Unajua masomo yangu iliishia mu mwaka ya ine ya primeri. Fasi nimeandika mubaya, weka sauti yangu, utasikia.

Nataka kusema juu ya fagio.

Asubuhi hii ulifunga kitambaa kwa kichwa, ukashika fagio, ukaanza kufagia kiwanja, vile mimi mwenyewe nilikufundisha tangu ulikuwa mudogo, kwamba mutu haachake nyumba ya mama yake na takataka. Na mimi nikatoka mu jikoni mbio, nikakunyanganya ile fagio, nikapiga kelele, "Hapana fagia! Nilisema hapana fagia!" Mbele ya Mama Zaina. Mbele ya ule mama wa maziwa. Ukaniangalia kama vile umeona mama mwingine. Ukasema polepole, "Mama, kesho naenda. Unataka batu bakuje kuniaga mu vumbi?" Nikaenda kuficha fagio nyuma ya mulango kama mwizi, na wewe ukaenda kwa koko bila kunywa chai.

Ile chai iko hapa mbele yangu. Niliifunika na sahani. Nimeandika na kidole juu ya sahani, na alama ya kidole inaonekana. Vile vumbi iko leo.

Ulijua juu ya nini nilipiga kelele. Ba juji ya kesi yetu na mashini ya kahawa banaweza kufika siku yoyote, na tulipatana kartie muzima, ba jirani wote. Unajua pia ile habari ya mara ya kwanza juji alikuja, vile Mama Zaina anaisemaka mu mikutano na batu banashika mbavu. Mais hujaisikia kwangu. Mimi nilicheka na bengine, sikusema.

Unakumbuka vile palikuwa, pale mashini iko sasa? Hapana, ulikuwa mudogo sana. Palikuwa miti ya kaliptusi tupu. Baba yako alipojenga hii nyumba, alisumbua fundi kabisa juu ya dirisha ya jikoni. Fundi alitaka kuiweka upande wa barabara, baba yako akasema hapana, iangalie kule kwa miti, mama wa batoto akiosha sahani abaone bakicheza. Na niliwaona kweli. Mulikuwa munakaa juu ya gome ya mugomba, munateremuka ile kilima mpaka mu mutaro, mukifika chini kaptula imeisha nyuma. Nilikuwa napiga kelele kwa ile dirisha, "Kavira, nani atakushonea?" Na wewe unanipungia mukono kama vile nimekusifu. Mangaribi ukungu ukishuka, harufu ya ile miti inaingia mu nyumba, hata mu bugali tunaisikia.

Kisha miti ikakatwa, mashini ikakuja. Nisikudanganye, tulipiga makofi. Ilikuwa mudogo, chini ya mabati tu, inakoboa kahawa ya batu ya hapa na ya Lubero. Ba mama ya kartie tukapata kazi ya kuchagua. Tunakaa chini kwa mustari, tunatoa mbegu nyeusi na mawe, tunaimba, tunasengenya mabwana. Wewe nilikulaza juu ya magunia, ilikuwa na joto muzuri, unalala mpaka jioni. Tukirudi, baba yako anakunusa kichwa, anasema, "Huyu tumupeleke Kasindi ku mupaka, amekauka vizuri, batamununua bei muzuri." Kila jioni ile ile maneno, na kila jioni unacheka. Ile harufu ya kahawa kwa nywele yako, Kavira, mpaka leo nikiisikia kwa gunia ya mutu mu soko, nasimama. Mashini ninayoishitaki, mimi niko na hamu yake ya zamani. Sijui avoka, ule wakili wetu, angesema nini akisikia.

Ikaongezeka. Ikakuja ingine mukubwa, na bomba yake ikaangalia kwetu. Maganda ya kahawa ikisagwa inakuwa nyepesi kama unga, na upepo ya kilima inaileta yote. Nguo ukianika nyeupe, unaanua ya rangi ya chai. Bugali ukigeuka kidogo, imevaa ngozi. Tukafunga ile dirisha ya baba yako. Na kifua chako ikaanza. Mara ya kwanza nilifikiri unaimba mu usingizi. Nikakupa asali na ndimu, nikakupa majani ya koko, kisha dispanseri. Ule infirmier, muganga wa pale, akasema, "Mama, dawa nitamupa. Mais dawa haiwezi kumupa hewa ingine."

Tulienda kwanza kwa patron, mwenye mashini, kwa heshima. Alitupa chai. Akasema na yeye ni mutoto wa Butembo, na kahawa yake inalisha nusu ya kartie, na haikuwa uongo. Akaahidi kuinua bomba. Tukangoja. Tukaenda kwa biro ya komini, kwa batu ya serikali, bakatuandikia karatasi, tukangoja tena. Mwisho tukapata avoka, ule kijana wa viatu vya kungaa. Akatuuliza, "Ba mama, munaomba nini kwa tribinali?" Tukaangaliana, kwa sababu kila mutu yuko na ndugu anakula kwa ile mashini. Mama Zaina, na bwana yake njo anabebaka ile kahawa mpaka mupaka, akasema, "Tunaomba ihame, si ife. Ikikufa, mimi nitakula nini? Nitakula Hajji? Ni mifupa tu!" Avoka akaandika, ihame mbali na nyumba za batu.

Mu tribinali, avoka wa patron akasimama akasema, "Vumbi gani? Ni vumbi ya barabara, Butembo nzima iko nayo." Juji akasema basi, atashuka mwenyewe, aone na macho. Tulitoka pale tunashikana mikono. Juji mwenyewe, kwetu, Mususa! Avoka wetu akatuambia siku, akaenda zake. Hakutuonya kitu. Yeye ni mwanaume, hakufikiri kama iko kitu ya kuonya.

Na mimi, mama yako, njo nilisimama mu mukutano nikasema, "Ba mama, mugeni mukubwa anakuja. Atukute vile tuko? Aende kusema Mususa ni fasi ya batu bachafu? Kesho ni salongo, tusafishe wote pamoja." Hakuna hata mumoja alinikatalia. Hata mumoja, Kavira. Wote tulilelewa vile.

Unakumbuka ile salongo. Tulifagia viwanja, tukafagia barabara. Tuliosha kuta. Mama Zaina alipangusa migomba yake jani kwa jani na kitambaa ya maji. Baba yako alipanda juu ya mabati na ndoo, na batoto bakamupandishia maji. Wewe uliosha ile dirisha ya jikoni, unakohoa, unaosha, unakohoa, kisha ukaweka maua mu kopo ya maziwa ya unga. Jioni nilisimama barabarani nikaangalia kartie yetu. Mabati ilikuwa inangaa. Migomba ilikuwa kijani. Ilikuwa vile ilikuwaka wakati ya kaliptusi. Nililia machozi ya furaha, nikasema Mungu asante, juji ataona vile tulikuwaka.

Akakuja. Mashini yenyewe siku ile ilinyamaza, batu yake banasema iko inatengenezwa. Juji alikuwa mutu wa sauti ya chini, shati nyeupe. Tulimukalisha kwa kiti ya kitambaa ya maua. Akasimama, akapitisha kidole kwa dirisha, polepole, kutoka huku mpaka kule. Akaangalia kidole. Safi. Na mimi nilijivuna, Kavira! Nikasema, "Karibu, baba juji, huku kwetu ni usafi tu." Avoka wetu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kisha juji akakugeukia. Hiki njo Mama Zaina hajui, hakionekanake mu hadithi yake. Akakuuliza, "Na wewe binti, kifua iko namna gani?" Kikohozi ilikuwa imekufika kwa koo, niliiona. Na mimi nikakupiga lile jicho langu. Ile ya kanisani, ile ya mbele ya bageni. Ukameza. Macho ikajaa maji. Ukasema, "Muzuri tu, baba."

Alipoenda, ulizunguka nyuma ya nyumba, ukakohoa mpaka ukachuchumaa, ukashika ukuta ile tuliosha. Nilikuja na maji. Ukakunywa, ukasema, "Mama, amependa maua." Hukuniambia kitu ingine. Mpaka leo hujaniambia.

Siku ya hukumu, avoka alitugeuzia Kifaransa: tribinali ilishuka, tribinali haikuona vumbi. Mu korido Mama Zaina akapiga kelele, "Itaona wapi? Mama Kavira aliifula na sabuni!" Batu bakacheka mpaka askari akatufukuza. Na baba yako mu njia, yeye anasemaka kidogo, akasema, "Tungeacha hata mabati." Hakuna mutu alinigombeza. Ningependa bangenigombeza. Wewe ulinishika mukono mpaka nyumbani, na mukono yako ilikuwa inaruka kila wakati kifua inaruka.

Tangu siku ile najiuliza mara mingapi nilikupiga lile jicho. Mama mudogo akikuja kutoka Beni, "Kavira, sema uko muzuri." Mwalimu akiuliza, "Sema uko muzuri." Mimi pia mama yangu alinilea vile, na nilipokuwa mugonjwa kwa ndoa ya kwanza, ile mimba yenye haikukaa, nilikuwa nasafisha nyumba mpaka inangaa ili wakwe basione kama iko kitu imeharibika. Batu bakapita wakasema, ule bibi anajua kazi. Hakuna mutu aliingia kuniuliza. Bangeuliza nini? Fasi ilikuwa safi.

Donc, mutoto wangu, kitu kimoja tu naomba kwako wewe unaenda kukaa peke yako. Usinifagilie barua. Kama Oicha kuna usiku batu banakimbia, niandikie kama munakimbia. Kama batoto mu darasa banakushinda na unalia mu choo, niandikie choo. Nitaogopa, ndiyo. Mimi naogopaka hata ukienda mu soko. Mais kuogopa kitu najua ni rahisi kupita kuogopa ukuta mweupe.

Sasa juu ya leo. Appel, ile rufaa yetu, iko Beni, na bale ba juji bakubwa banataka nao kushuka, mais hawakusema siku, ili patron pia asijue siku ya kunyamazisha mashini. Avoka, safari hii, alituonya sana! Alizunguka nyumba kwa nyumba, "Ba mama, nabasihi, hapana salongo." Tukapatana, hakuna kufagia, hakuna kuosha ukuta, mpaka bafike. Unafikiri ni rahisi? Mikono inaniwasha. Asubuhi naamka, naenda moja kwa moja kwa fagio, nasimama mbele yake kama mulevi mbele ya chupa. Na ile siku moja mutoto wangu anaenda, siku batu banakuja kuaga, ile siku ningefagia mpaka barabara mukubwa, njo siku siwezi. Njo maana nilipiga kelele. Haikuwa wewe. Ningeacha ukafagia kidogo tu, mimi pia ningeshika ndoo.

Batu bameanza kufika, nabasikia mu baraza. Mama Zaina njo anabakaribisha pa fasi yangu, sikia sauti yake: "Kaeni polepole, ba ndugu! Musibebe vumbi ya tribinali na suruali!" Banacheka. Baba yako ameacha kugonga.

Na sasa kitanda. Kesho Hajji akishakubeba, na ukae mbele naye, si juu ya magunia ya kahawa, tafazali, sitatandika kitanda chako na sitamupa Kasereka. Nitatoa foronya yako nyeupe, ile ulishona maua kwa kona. Avoka alisema kila nyumba iweke kitambaa nyeupe fasi vumbi inaingia na isiguswe. Bengine baliweka taulo. Mimi nilingoja, sikujua juu ya nini nangoja. Nitafungua ile dirisha ya jikoni, ile tulifunga, nitatandika foronya pale, na sitaikungutia hata mara moja. Itabadilika rangi kidogo kidogo na wewe uko kule. Juji akifika, akipitisha kidole, sitamuambia karibu kwetu ni usafi. Nitamuambia, "Baba juji, hii yote ni tangu mutoto wangu alienda."

Atasema nini, sijui. Tunaweza kushindwa tena. Patron iko na ba avoka babili.

Mais iko kitu wewe tu unaweza kunijulisha, na nakitaka mbio. Oicha hakuna ile mashini. Lala pale siku mbili tatu, kisha uniambie kifua inasema nini. Kama kikohozi imenyamaza, nitafurahi mpaka nicheze, na avoka atabeba ile neno mpaka mbele ya ba juji. Na nitajua pia kama ni hii nyumba yetu, na ile dirisha baba yako aligombania ili nikuone, njo ilikuwa inakukula. Basi hutalala tena humu mpaka mashini ihame, hata kama hamu yako itanimaliza. Nimeshakubali, usinihurumie. Na kama kikohozi imekufuata, uniambie pia. Hapana meza kikohozi. Jicho langu litakuwa mbali, halitakufikia.

Fagio iko nyuma ya mulango. Siku utarudi kututembelea, kesi imeisha, utanikuta nayo barabarani.

Hajji atapita tena Beni akirudi, tuma barua kwa mama mudogo amungojee nayo. Na kama barua inachelewa, tuma sauti mu telefoni ya Mama Zaina. Hata usiseme neno mingi. Pumua tu karibu na telefoni, mimi nitasikia. Fanya mbio, Kavira, mbele ba juji bafike.

Mimi mama yako,
Mama Kavira